Jicho la Sipre

Kwetu fundo la mbao huitwa jicho. Ni pale tawi lilipochomoka kwenye shina. Mti ukishapasuliwa, hubaki duara la kahawia lililozungukwa na mstari mweusi, na ukilitazama kwa muda utaona kama nalo linakutazama. Kwa muda mrefu ufundi wangu wote ulikuwa ni kuyakimbia macho hayo. Nilichagua mbao kama mtu anayechambua mchele kwa ajili ya wageni.

Mama ni mshonaji. Alishona Bukavu kabla sijazaliwa, na tangu tufike Malawi ameshona barazani kwetu, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kwenye cherehani ya miguu iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika katika duka moja la Old Town, Lilongwe. Anayepita kwenda kuteka maji huisikia mashine yake kabla ya kuliona bati letu.

Macho yalianza kumpungukia polepole. Kwanza alilalamikia uzi mweusi, akasema siku hizi wanautengeneza mwembamba. Halafu akazilalamikia sindano, kwamba matundu yake yamekuwa madogo. Ikawa kila asubuhi ananiomba nimtungie nyuzi kwenye sindano za mkono, za rangi zote, na kuzichomeka kwenye kipande cha godoro, "juu ya kupunguza kazi." Siku moja, kwa haraka, nilitunga uzi wa bluu mahali pa mweusi, naye akaupindia suruali nyeusi ya mchungaji. Nilipomwonyesha alishika ule upindo, akausogeza karibu na uso, akausogeza mbali.

"Sasa we unajua," alisema. "Bantu bengine basijue."

Daktari alikuwa amemwambia kwamba miwani haitasaidia sana, kwamba kinachopungua kiko nyuma ya jicho. Hilo mama alilibeba kwa utulivu ulionishinda. Alichoogopa ni kitu kingine. Washonaji kambini ni wengi. Mteja akisikia kwamba mshonaji fulani haoni vizuri, hatamsema vibaya. Atapita na kitambaa chake kimekunjwa kwapani, atamsalimia kwa heshima, atamwulizia afya, kisha ataendelea na safari hadi mlango wa mshonaji mwingine. Mama aliiogopa salamu hiyo kuliko giza lenyewe. Sasa mambo yamekwisha kujulikana na ameniruhusu niyaandike, lakini wakati ule tulikuwa wawili tu tuliojua.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango naurudia kuuvuta. Nikiandika ujumbe kwenye simu nausoma mpaka maneno yanapoteza maana. Mama alijaribu kunifundisha kushona nikiwa mdogo, akashindwa, si kwa sababu mkono wangu ulikuwa mbaya, bali kwa sababu nilikuwa nafumua. Kila mshono niliona ungeweza kunyooka zaidi. Blauzi moja niliishona na kuifumua hadi kitambaa kikatoboka pembeni, mama akaichukua taratibu kutoka mikononi mwangu.

"Mama," aliniambia, kwa maana kwetu mzazi humwita binti yake hivyo kwa mapenzi, "nguo iko ya kuvaa, haiko ya kufumua."

Mbao ilinifaa kwa sababu haifumuliwi. Ukishakata umekata. Ungetegemea jambo hilo linitie hofu, lakini lilinituliza, kwa sababu wasiwasi wote ulitangulia mbele ya msumeno na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Niliyajua mambo ya useremala kwenye simu iliyopasuka kioo, nikitazama mikono ya watu wa nchi nisizozijua. Spika ya simu ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilijifunza bila sauti. Matokeo yake nilijua kushika patasi kabla sijajua inaitwaje.

Mti wa kwanza niliouelewa ulikuwa sipre. Ndivyo tunavyouita sisi tuliotoka Kivu, jina tuliloachiwa na Kifaransa. Watanzania wawili watatu niliokutana nao huuita saiprasi. Kwetu ulipandwa kama ua kuzunguka shule na misheni. Hapa Malawi nao upo, na mbao yake hufika sokoni ikiwa imechanganywa na paini, lakini ukiinusa huwezi kukosea. Harufu yake iko kati ya limau na dawa ya kupaka kifuani. Rangi yake ni ya uji uliotiwa maziwa, na ndani zaidi, kwenye kiini, hugeuka kuwa kama chai. Ni nyepesi. Nyuzi zake zimenyooka, na randa hupita juu yake kama pasi, maranda yakitoka marefu na kujikunja kama utepe. Gundi inaishika vizuri. Ila ukipigilia msumari karibu na ncha bila kutoboa kwanza, itapasuka. Na ni laini: ukiikandamiza kwa ukucha, alama inabaki, na hilo lilinikera kuliko yote. Nilikuwa nakata kucha zangu hadi nyamani kabla ya kuanza kazi.

Niliipenda harufu ile hata nikamchongea mama mwiko wa sipre. Niliulainisha siku nzima. Alisongea bugali, tukaketi, tukamega, na kila tonge lilikuwa na ladha ya dawa ya kifua. Mama alitafuna, akameza, akanitazama.

"Leo hatutakohoa," alisema.

Aliendelea kusonga kwa mwiko ule mpaka nikauficha mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sipre haifai kugusana na chakula cha moto, na ndivyo nilivyojua mama yangu ni mtu wa namna gani, ingawa hilo nilikwisha kulijua.

Kisha mchwa wakaingia kwenye meza ya cherehani. Waliingia kutoka chini, wakala ndani yote na kuacha ngozi ya juu. Mama aliegemeza kiwiko, kiwiko kikazama. Tulipoinua kichwa cha mashine, upande mzima wa meza ulibaki mikononi mwetu kama mkate mkavu.

Bila meza hakuna mashine, na bila mashine mama angekuwa mwanamke wa makamo aliyeketi barazani, ambaye watu wangepata nafasi ya kumtazama vizuri. Alielewa hivyo, nami nilielewa. Nikasema nitatengeneza meza mpya, ya sipre, kwa sababu kiini cha sipre mchwa hawakipendi. Sehemu nyeupe ya nje wanaila kama mbao nyingine yoyote, lakini kiini wanakizunguka.

Nilikwenda Lilongwe, Mchesi, ambako nyuma ya soko kuna wauza mbao. Yule niliyemfikia alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu kwenye jua kali. Kwake kila mbao yenye harufu ilikuwa mkungudza, mti wa thamani wa milimani kwao, na sikuwa na Kichewa cha kutosha kubishana naye. Niliinusa tu, nikajua ni sipre, nikaanza kupekua lundo. Niliinua mbao moja, nikaitazama kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki, nikaiweka pembeni. Niliinua nyingine. Zote zilikuwa na macho, maana sipre isipopogolewa hushikilia matawi yake ya chini kwa ukaidi, na kila tawi huacha jicho. Yako macho yaliyokufa, yaliyozungukwa na gamba jeusi, ambayo mbao ikikauka hulegea na kudondoka na kuacha tundu. Yako macho mazima yaliyoshikana na mbao. Mimi sikutaka hata moja ya aina yoyote.

Muuzaji alivumilia, kisha akasema kwa Kichewa cha polepole, ili nielewe:

"Achemwali, dada yangu, unatafuta mbao au unatafuta kioo?"

Wenzake walicheka. Nami nilicheka, lakini sikuacha kupekua. Mwishoni nilipata mbao safi za kunitosha, za kiini kitupu, na alipokuwa akizifunga kamba akachomoa nyingine fupi, yenye jicho moja zima karibu na katikati, akaiweka juu ya mzigo.

"Hii nakupa. Imekutazama tangu ulipofika."

Nilisema zikomo, ndiyo asante yao, nikaichukua kwa adabu. Nilipanda matola, gari la mizigo linalobeba watu, hadi njia panda, nikiichukia mbao ile njia nzima. Mwendesha kabaza wa kunifikisha kambini aliutazama mzigo, akaitazama baiskeli yake.

"Huo ni mlango wa nyumba ya mtu," alisema. Akaufunga hivyo hivyo, mbao zikatokeza pande zote mbili, na tukaingia Dzaleka watu wakitupisha kwa kuinama.

Mbao yenye jicho niliitupa nyuma ya nyumba. Mama aliiokota akaifanya pa kuwekea beseni la kufulia.

Meza niliitengeneza kwa kubandika mbao nne upande kwa upande, na kukata nafasi ya kichwa cha mashine kwa kufuata mfano niliouchora kwenye boksi kabla meza ya zamani haijawa kuni. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba nilipima, nikapima tena, nikakosa usingizi, nikapima. Nilipomaliza, kichwa cha mashine kilishuka mahali pake bila kugusa kingo, na uso wa meza ulikuwa sawa kiasi kwamba ungemwaga maji yangekaa hayajui pa kwenda. Hakukuwa na jicho hata moja. Sijawahi, wala sitegemei tena, kutengeneza kitu kilichokosa kasoro vile.

Mama aliipapasa yote kwa viganja viwili.

"Iko laini," alisema. "Iko kama shavu ya mutoto."

Kisha mkono wake wa kulia ukarudi kwenye sehemu ya mbele, kati ya kifua chake na bamba la chuma lililo chini ya sindano, ukapapasa pale, ukaenda, ukarudi. Nilidhani anaisifu. Nilisimama pale nimejaa furaha kama mjinga.

Kazi ya kwanza kwenye meza hiyo ilikuwa robe za korali, yaani kanzu za kwaya, nyeupe, zenye kola ya bluu. Aliyezileta ni mama prezida wa korali, mwanamke mrefu kutoka Uvira, ambaye sauti yake huanza kuongea akiwa bado yuko kwa jirani. Korali ilikuwa na sherehe ya kuwapokea wachungaji wageni, na robe zilipaswa kuwa tayari kabla.

Mama alishona ya kwanza. Mshono wa ubavuni ulianza vizuri, ukaenda kulia, ukarudi, ukaenda tena kama njia ya mbuzi. Alishona ya pili, ikawa vilevile. Nikajua moja kwa moja kosa liko wapi: liko kwenye meza. Nilichukua kipande cha kioo, nikakilaza juu ya mbao, nikatafuta mwanya wa mwanga chini yake. Mahali pamoja nilidhani nimeuona. Nikachukua msasa nikalainisha. Mama akashona, mshono ukayumba zaidi. Nikalainisha tena, kwa msasa mwembamba zaidi, kisha kwa upande wa nyuma wa msasa, kisha kwa kitambaa kikavu. Meza ikang'aa. Mshono wa robe iliyofuata ulikuwa mbaya kuliko yote.

Mama prezida akaja kuangalia. Tulimsikia kwa jirani, mama akavuta kitenge akafunika robe zote mapajani.

"Mama fundi, robe yetu iko wapi? Ama batoto ba korali batavaa matenti ya kambi?"

"Iko njiani," mama alisema.

"Njiani? Inatembea kwa miguu?"

"Iko inatembea pole pole, kama we siku ile ya mvua."

Mama prezida alicheka, akajipiga paja. Kisha sauti yake ikashuka hadi ile ya watu wazima wanaopeana pole.

"Mama, kama kazi ni mingi, sema tu. Mi siwezi kukasirika. Kuna fundi mwengine pale karibu na kisima, tunaweza kumugawia nusu. Afya iko muzuri?"

"Iko muzuri," mama alisema. "Zote nitashona mi."

Ilikuwa ile salamu. Niliitambua, na nilimwona mama akiitambua. Mama prezida alipoondoka niliingia ndani, nikachukua msasa, nikarudi kupiga magoti mbele ya meza. Mkono wa mama ukaushika mkono wangu.

"Acha," alisema. "Uko unanifutia njia."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, akiitazama barabara badala ya kunitazama mimi. Kwenye meza ya zamani, mbele kidogo ya bamba la chuma, palikuwa na alama. Miaka mingi iliyopita aliweka pasi ya makaa vibaya, ukingo wake ukaunguza mbao na kuacha kovu lenye ukingo mgumu. Mimi nililiona kovu lile tangu utotoni na nililiona aibu. Yeye, macho yalipoanza kupungua, aliligundua kwa kidole. Aliweka kidole cha shahada pale, kitambaa kikapita kikigusa kidole, na upana wa mshono ukawa uleule toka mwanzo hadi mwisho. Hakuhitaji kuiona sindano. Alihitaji tu kujua kidole kiko wapi.

"Hii meza iko muzuri sana," alisema. "Lakini kidole yangu inapotea. Iko kama uwanja wa ndege."

Nitaungama: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira ndogo, ya kitoto. Meza ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeifanya nzuri. Huruma ilikuja baadaye kidogo, na ilikuja yote kwa pamoja, nikaona haya kumtazama usoni, nikabaki nautazama msasa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"We ulikuwa na furaha."

Nikasema nitachonga kovu jingine kwa patasi, pale pale. Mama alifikiri, akakataa. Mbao laini ikichongwa huacha vinyuzi, na robe nyeupe zingenasa. Kisha akauliza:

"Ile mbao ya beseni, iko na jicho, ama mi nadanganyika?"

"Iko nalo."

"Nikifua nalisikia na mukono. Limesimama."

Tulikwenda wote wawili nyuma ya nyumba, nikaliondoa beseni. Ilikuwa kweli. Maji, sabuni na kitako cha beseni vilikuwa vimeila mbao laini, lakini jicho, ambalo ni gumu mara nyingi zaidi, lilikuwa halijaliwa. Lilisimama juu ya uso wa mbao kama kifungo cha shati. Nilipitisha kidole. Mbao ile niliyoichukia kutoka Mchesi hadi mlangoni kwetu ilikuwa imekaa pale ikijitengeneza yenyewe.

Kuikata meza yangu kulikuwa kugumu kuliko kuitengeneza. Mama aliketi mahali pake, akafumba macho, akaweka kidole pale kilipotaka kukaa. Nilikizungushia chaki yake ya kushonea. Kisha nikatoa kichwa cha mashine, nikaingiza msumeno kwenye mbao ya mbele, ile safi kuliko zote, na nikaikata. Mama alikuwa ameshikilia upande wa pili ili isivunjike, na kila msumeno ulipokwama alisema tu, "Endelea, mama."

Tuliiweka mbao ya beseni mahali pake, tukaisogeza kushoto na kulia mpaka jicho likaja pale duara la chaki lilipokuwa, kwa vipimo nilivyochukua kabla ya kukata. Niliibandika na kuibana kwa kamba na vijiti, tukaiacha ikauke.

Kulikuwa na shida moja bado. Sipre haina utomvu mwingi kama paini, lakini karibu na macho huweza kujificha kidogo, na jua la nyuma ya nyumba lilikuwa limeutoa: tone moja la rangi ya asali, likinata, pembeni ya jicho. Tone hilo likigusa robe nyeupe halitoki. Nilikuwa nimeona kwenye simu mtu akilipasha moto fundo ili utomvu utoke wote. Mama akasema pasi ipo. Tukawasha makaa, tukakunja kitambaa kikuukuu juu ya jicho, na mama mwenyewe akaweka pasi juu yake, akainua, akaweka. Aliijua ile kazi ya mkono bila macho. Kitambaa kilianza kulowa rangi ya hudhurungi, na harufu ikatoka, kali, ya limau na dawa ya kifua, ikajaa baraza yote.

Mama aliacha pasi hewani.

"Pale shuleni," alisema. "Kulikuwa lupango, ua ya sipre. Tukichelewa tulipita katikati ya matawi, sababu mulango walikuwa wanafunga. Masere, sista wa shule, akasimama mbele ya darasa, akatunusa, moja moja. Mwenye ananuka sipre, njo alichelewa."

"Na we ulikuwa unanuka?"

"Kila siku."

Alicheka hadi ikabidi nimpokee pasi. Mama yangu hasimulii sana mambo ya Bukavu; akianza, mara nyingi huishia njiani, mahali ambapo simulizi ingelazimika kuingia barabarani pamoja na watu wanaokimbia. Hii aliimaliza. Ilikuwa na mwanzo na mwisho, na hakuna aliyekufa ndani yake. Tulibadilisha kitambaa, tukaendelea kupiga pasi jicho mpaka kitambaa kikatoka kikavu, kisha nikalifuta kwa mafuta ya taa kidogo, kisha kwa sabuni.

Ilibaki kulainisha. Hapa kuna jambo ambalo lilikuwa likinitia wazimu siku zote kuhusu sipre: msasa hula mbao laini na kuliacha jicho, kwa hiyo kadiri unavyojitahidi kusawazisha ndivyo jicho linavyoinuka. Fundi huacha msasa na kuchukua randa ili alikate. Mkono wangu ulikwisha kwenda kwenye randa. Nilijizuia. Nikaendelea na msasa kwa mkono, taratibu, mpaka kingo za jicho zikawa laini kiasi cha kutonasa uzi, lakini lenyewe limesimama. Mama akaweka kidole. Hakutafuta. Kidole kilifika.

Alishona ubavu mmoja wa robe, akanipa nikague. Nilikagua kama ninavyojua mimi kukagua. Ulikuwa umenyooka.

Zilibaki zile robe za kwanza, zilizoyumba. Ilikuwa lazima zifumuliwe, tena kitambaa cheupe hukumbuka kila tundu. Mama alianza kuhuzunika, nami nikamwambia anipe. Kufumua nilikujua. Niliketi miguuni pake, nikakata uzi mmoja mmoja kwa wembe, nikavuta bila kukiumiza kitambaa, nikayafunga matundu kwa ukucha ambao safari hii sikuukata, na kuzipandisha robe juu mapajani kwake moja baada ya nyingine. Yeye akashona. Sikumbuki kama tuliongea. Nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza sikutaka kufumua chochote alichoshona.

Mama prezida alikuja kuzichukua na wanakorali wawili wa kumsaidia kubeba. Alizifungua moja moja, akageuza ndani nje, akavuta mishono kwa dole gumba.

"Mbona zinanuka kama dawa?"

"Ili wasopranu wasikohoe," mama alisema.

Wanakorali walicheka. Mama prezida alinusa tena, akasema ni harufu nzuri, ni ya kanisani kabisa. Hakupata kosa, na nilimwona hajafurahia sana kutolipata. Akaegemea meza ili akunje, na kiganja chake kikagusa jicho. Akainama kuliangalia.

"Eh. Meza mupya, na mbele kabisa wameacha jicho hivi? Huyu fundi ni nani?"

Mama alifungua mdomo. Naamini angesema. Alikuwa amechoka kuficha, na angesema yote pale pale, mbele ya wanakorali wawili, ili tu mimi nisidharauliwe. Na mimi, ambaye siwezi kuacha hata ujumbe wa simu wenye nukta iliyokosewa, ambaye ningetaka kumweleza mama prezida mambo yote ya kiini na ya msasa na ya kovu la pasi, nilisema:

"Ni mimi, mama. Mbao safi ziliniisha."

"Utazoea," aliniambia kwa upole, akinipigapiga bega. "Hata mi, nyimbo yangu ya kwanza niliimbia puani. Siku ingine uchague muzuri."

"Ndiyo, mama."

Waliondoka, robe zikiwa zimebebwa juu ya mikono yao kama watoto waliolala. Tuliwasikia mpaka kwa jirani, na mbele ya jirani, mama prezida akieleza kwamba ile familia mama ni fundi kweli, binti bado anajifunza.

Kulikuwa na gauni la mtu lililokuwa likisubiri, mama akalivuta, akalitandaza. Kidole chake kikaenda kukaa juu ya jicho, na mguu wake ukaanza kukanyaga.